Bastola ya Baba Yake Bibi

Nilikuwa Xiaobei, mtaa wa Guangzhou huku China, kwa wakala wa kago, marobota yangu ya vitambaa yakipimwa uzito, picha ilipoingia kwenye simu. Ilitoka kwa kaka yangu, Unguja. Bastola ya baba yake bibi imelazwa juu ya kitambaa chekundu, inameremeta kama bomba la choo cha hoteli. Chini yake kaandika: "Kitu kipya kabisa! Kesho asubuhi namkabidhi bibi." Nilicheka kwa dharau, halafu kicheko kikanikauka mdomoni. Bibi yetu haoni tena. Bastola ile alikuwa akiijua kwa vidole, na kaka alikuwa ameshakisugua kila ambacho vidole vingekikuta.

Usishtuke, rafiki yangu, haikuwa silaha ya kumtisha mtu. Mtutu wake ulizibwa kwa madini ya risasi yaliyoyeyushwa kabla sisi hatujazaliwa, na kifyatulio kilikuwa kimeganda. Lakini kwenye mpini wa mti, mwenyewe alikuwa amechonga jina lake kwa ncha ya kisu, herufi za Kiarabu zilizopinda kidogo, kazi ya mtu asiye fundi. Baba huyo alikufa bibi akiwa mtoto mdogo, na picha yake haikuwepo. Jina lile ndilo lililobaki. Bibi alikuwa akikaa barazani baada ya sala ya alasiri, bastola mapajani, dole gumba likipita juu ya zile herufi huku akiongea mambo mengine kabisa, bei ya samaki, harusi ya jirani.

Tulipokuwa watoto, siku za mwisho za Shaabani, kabla ya Ramadhani, nyumba yetu iligeuka karakana. Masinia, mabuli na mabirika ya shaba yote yalitolewa uani, tukayasugua kwa ndimu na jivu mpaka vidole vikatuwasha. Masinia yalipiga kelele, jirani naye akipiga kelele juu ya kelele zetu, na jikoni mkate wa ufuta ukinukia. Kaka na wenzake walikuwa wameshatoroka zamani kwenda kucheza mpira. Kaka tangu utotoni kazi alikuwa akiijulia mwishoni, wakati wa kusifiwa.

Bastola nilipewa mimi. Haikuguswa na ndimu wala jivu. Kitambaa cha kanga kuukuu, tone la mafuta ya nazi, basi. "Unaipangusa, huisugui," bibi alikuwa akisema. "Huo weusi si uchafu, ndiyo ngozi yake." Mwaka mmoja nilijitia ujuzi, nikaipitishia ndimu kwa siri nione kama itang'aa. Ikatoka doa jeupe. Bibi alininusa vidole, akaninyima mkate wa ufuta, na wenzangu wakaula mbele yangu taratibu, kwa makusudi. Somo nililielewa nikiwa na miaka tisa.

Sasa kaka ni mtu mzima mwenye kitambi na maoni. Kila cha zamani kwake ni aibu. Mlango wa mti uliochongwa kaung'oa, kaweka wa alumini, na wageni lazima waambiwe kwamba ni wa alumini. Miezi michache nyuma alinipigia simu. "Mdogo wangu, huko China si kuna mashine za kung'arishia vyuma? Nataka nimfurahishe bibi, ile bastola imekuwa kama kitu cha jalalani."

Ungedhani ningemkatalia. Mimi niliyenuswa vidole! Wapi, nilivimba kichwa. Sisi wa Guangzhou ugonjwa wetu ni huo, tukiulizwa kama kitu kinapatikana hatuwezi kujibu hapana, tunaona kama tumeaibika. Nilikwenda duka la vifaa vya vyuma, laoban, yaani mwenye duka, akachukua kufuli lililooza kwa kutu, akaliweka kwenye mashine, mara likawa jipya mbele ya macho yangu. "Mpya! Mpya!" akasema, neno la Kiswahili alilojifunza kwetu. Nikapiga makofi kama mjinga. Nikanunua mashine, msasa, vanishi na dawa ya kupaka chuma rangi ya fedha, nikavipenyeza katikati ya marobota yangu. Kwa hiyo kama una dharau ya kugawa, usimpe kaka yote.

Kesho yake alipiga simu ya video. Kwao asubuhi, huku mchana, nimesimama kwenye korido ya jengo la maduka ya jumla na watu wananipiga vikumbo. Kabla hajaingia chumbani kwa bibi alininong'oneza, "Mwambie ndiyo ile ile. Wewe anakuamini."

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Wachina hawajambo?"

"Hawajambo."

Kaka akamwekea bastola mapajani. Dole gumba lilikwenda moja kwa moja kwenye mpini. Likapita, likarudi. Akaigeuza upande wa pili, likapita tena. Akaiinua puani, akainusa, nami huku nikaficha mkono wangu nyuma kama mtoto.

"Mwanangu," akasema, "wewe ndiye uliyekuwa ukinipangusia. Ndiyo hii?"

Nyuma yake kaka alikuwa akiniashiria kwa kichwa nikubali. Nilisema, "Ndiyo, bibi."

Aliisogeza pembeni kwa adabu, kama unavyorudisha sahani ya watu. "Nzuri," akasema. "Mrudishieni mwenyewe, asije akaitafuta."

Hajaigusa tena. Imewekwa sebuleni kwenye sanduku la kioo karibu na televisheni, na wageni wanapiga nayo picha. Shaabani ikija hakuna anayesugua kitu. Shaba imeuzwa, wanakulia vyombo vya melamini ninavyowapelekea mimi mwenyewe kutoka huku. Bibi anakaa barazani, dole gumba linapita juu ya pindo la kanga yake, ambalo halina kitu. Kaka aliwaandikia ndugu kwenye kundi la simu kwamba bibi kumbukumbu zimekwisha, hata kitu cha baba yake hakitambui. Pole zikamiminika. Na mimi, ninayejua kwamba katika nyumba nzima ni yeye peke yake aliyetambua, niliandika pia: "Uzee, kaka. Tumwombee."