Tluway Wawili Kwenye Orodha

Nilizaliwa Mbulumbulu, binti wa mzee Gwandu, na sikuwahi kukaa darasani. Herufi nilizijulia ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, nikiwa tayari na watoto watatu. Lakini mitishamba ya ukingo wa msitu wa Ngorongoro niliijua kabla sijajua kusonga ugali, maana mama alinibeba mgongoni akienda kuichuma.

Mwaka 1996 mume wangu Tluway, dereva wa watalii, alituletea mpangaji. Aliitwa Naomi, msichana wa Kichaga aliyemaliza kidato cha nne, anafanya kazi mapokezi katika hoteli moja pale Karatu. Meno yake ni mazuri, hilo silikatai. Jioni tulipukuchua mahindi pamoja huku akiniuliza: huu unatibu nini, ule unachemshwa vipi? Nilimwambia yote, naye akaandika kwenye daftari. Baada ya miaka mitatu aliondoka na daftari lake na mume wangu. Mimi padri alinifungisha ndoa. Yeye hakufungishwa na mtu, ila anajiita Naomi Tluway, na watu wanaitikia.

Mwaka 2007 Mwalimu Felisiani, jirani yangu mstaafu, alinipitia nyumbani.

"Mama Emilian, twende ukumbi wa parokia. Kuna wasomi wanaandika kitabu cha mitishamba kwenye mtandao. Hakina mwandishi mmoja. Wa Arusha anaongeza, wa Dar anarekebisha. Leo wanaamua majina ya waliowapa maarifa yaandikwe vipi."

Nilimkuta Naomi ameketi mbele, amesuka upya. Msomi mmoja kutoka Arusha, Eva, akatusomea kurasa kutoka kwenye kompyuta. Chini ya kila mti palikuwa na jina lilelile: Tluway, N., 1998, yaani Naomi na mwaka wa daftari lake.

"Na mimi niko wapi?" nikauliza.

"Samahani, mama, wewe ni nani?"

"Ni mimi niliyesema. Huyo aliandika tu."

Naomi alitazama kucha zake. "Dada Lukresia alinisaidia kidogo."

"Usiniite dada. Mti wa ndama anayeharisha, unachukua majani au magome?"

Akafunua daftari, akageuza kurasa, akarudi nyuma. "Hapa haikuandikwa."

"Haikuandikwa kwa sababu siku hiyo uliinuka kumpelekea mume wangu chai."

Felisiani alikohoa ili asicheke. Eva hakucheka. Alisema ni makosa yake kutouliza, na kwamba tutaingia sote wawili, mwenye kusema na mwenye kuandika. Kilichobaki ni mtindo. Wenzake walitaka ule wa vitabu vya nje: jina la ukoo linatangulia, la kwanza linakatwa libaki herufi moja. Mtindo wa pili ulikuwa kuandika jina zima kama mtu anavyoitwa kwao, na kupanga orodha kwa jina la kwanza.

"Huku kwetu jina la pili ni la baba au la mume," Felisiani akasema. "Ukilitanguliza, unamtukuza mtu asiyesema neno. Tluway hajui mti hata mmoja. Kichwa kikimuuma anakimbilia duka la dawa!"

Ukumbi mzima ulicheka. Nami nilicheka, kisha nikaumia, kwani kichwa hicho nimekikanda mimi kwa miaka kumi na minne.

Eva aliridhika. Wakapitisha mtindo wa pili.

"Mama, jina lako kamili?"

Felisiani alinijibia. "Lukresia Gwandu."

Eva akaandika. Ndipo nikamwona Naomi anashusha mabega, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Akasema polepole, "Na mimi andika Naomi Tluway."

Nikaelewa. Kwenye orodha ile, inayosomwa mpaka Ulaya, mke wa Tluway angekuwa mmoja, naye si mimi.

"Futa," nikamwambia Eva. "Andika Lukresia Tluway."

"Mama Emilian!" Felisiani alishangaa. "Si ulisema hilo jina hulitaki hata kaburini?"

"Nililitema. Sikusema mwingine aliokote."

Naomi alisimama. "Hata jina, Lukresia? Mwanamume mwenyewe hukumtaka tena."

"Nani alikwambia simtaki?"

Eva aliniuliza kama nina hakika, kwa kuwa likishawekwa wengine watalinakili na halitarudi. Nikamwambia aliweke. Alinionyesha: Lukresia juu, Naomi chini. Naomi alichukua daftari lake akatoka bila kuaga.

Njiani, tulipopita shamba la ngano, Felisiani aliniuliza.

"Mama Emilian, umepata nini sasa?"

"Sijapata kitu," nikamjibu. "Lakini na yeye hakupata peke yake."