Brauza ilivyomnyima Mama Achol harusi ya bintiye

Leo nimetamani kuitupa kompyuta barabarani.

Mama Achol, yule anayeuza mboga hapa kambini Kakuma, alikuja kwa saiba yangu, duka langu la intaneti, asubuhi amevaa nguo ya kanisani. Binti yake alikuwa anaolewa Australia, na harusi ilikuwa inaonyeshwa moja kwa moja mtandaoni.

Nikabonyeza linki. Brauza ikaanza kujiapdeti.

Jamani, si ilijiapdeti juzi tu! Na kila ikijiapdeti inazidi kuwa nzito.

Netiweki yetu mnaijua. Ule mstari wa kuonyesha apdeti imefika wapi ulitambaa, ukaganda, ukatambaa tena. Nikajaribu kwa simu yangu, bando ikaisha.

"Bado, mwanangu?"

"Bado kidogo, mama."

Brauza ilipofunguka, cha kwanza kutokea ni tangazo: "Sasa ina kasi zaidi!"

Kasi gani, na ya nani?

Tulipoingia kwenye harusi, maharusi walikuwa wameshaondoka. Watu walikuwa wanakusanya viti. Mama akawatazama tu, machozi yakimtoka.

"Rudisha nyuma kidogo, nimwone."

Nikamwambia haikurekodiwa.

Halafu akaniuliza polepole, "Unafikiri alivaa gauni gani?"

Wewe ungemjibu nini?