Mwamba wa Kasiani

Kasiani wa Mgeta hawezi kuona jani limelala uani akalipita. Akimaliza kufagia kwake, anafagia na kwa jirani, kisha anapanda kanisani, ambako ndiye mtunzaji, anapangusa mabenchi ambayo hakuna aliyeyakalia tangu ayapanguse jana. Wanawake wa kijijini huwatolea waume zao mfano wake. Mimi simtolei mtu, na sababu ninayo.

Nafundisha mimea chuoni, Morogoro mjini. Mwezi wa sita Kasiani aliniongoza hadi kwenye msitu wa mianzi, kule juu ambako ukungu haukauki. Hapo, kwenye mwamba mmoja wa kivulini, nikaona kuvumwani nisiyoijua. Namaanisha vile vimea laini vya kijani vinavyovika mawe, ambavyo watu huvikanyaga tu. Tuliitafuta kwingine kutwa nzima, hatukuiona. Lakini aina ile huwezi kuipa jina mpaka itoe vikonyo vyenye vifuko vya spora, vumbi lake la uzazi, na vikonyo husubiri mvua.

“Mzee Kasiani, nitarudi Desemba,” nilimwambia. “Niangalizie mwamba wangu.” Nikageuka kushuka, nikateleza, nikaanguka chali.

Desemba nikapanda tena na Kasiani, magoti yakinilalamikia. Mwamba ulikuwa mtupu. Umesuguliwa ukatakata.

“Nani kafanya hivi?”

“Mimi, mwalimu,” alisema kwa furaha. “Siku ile ulianguka vibaya. Nikasema mgeni wangu haanguki tena. Nimeanza na panga, nikamalizia na brashi.”

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kuhusu mgeni hawakusema kitu. Nilikasirika, na huyu ni mtu ninayemwamkia shikamoo, kwa hiyo hata kufoka sikuweza.

“Uliitupa wapi?”

“Nitupe kitu kizuri vile? Iko kanisani.”

Ilikuwa kwenye pango la Noeli, imetandikwa chini ya kondoo wa plasta. Kasiani alikuwa akiinyunyizia maji kila asubuhi, maana hapendi kitu kilichonyauka. Nikapiga magoti mbele ya Mtoto Yesu na lenzi yangu. Vikonyo vilikuwepo, kila kimoja na kifuko chake. Jina ningelipata. Lakini nikiulizwa inaishi wapi, niseme chini ya kondoo?

Kesho yake tukapanda tena. Nilizunguka mwamba mzima kwa hasira, nikainama, na ndani ya ufa ambao brashi haikufika nikaona kijani, upana wa kidole gumba. Nikamweleza Kasiani kwamba huenda hiyo ndiyo iliyobaki mlima mzima.

Alivua kofia. “Sasa nifanye nini, mwalimu? Niipalilie?”

“Usifanye chochote.”

“Hata majani yakidondoka, nisifagie?”

“Usiguse hata moja.”

Aliutazama ule ufa, kisha akaitazama mikono yake. Nimewapa wanafunzi kazi ngumu nyingi, lakini sijawahi kumpa mtu kazi nzito kama ile.