Mgonjwa wa Kwenye Bango

Lori lilimshusha Ildefonce Kapinga pale Lundo, kando ya Ziwa Nyasa, Jumamosi asubuhi, akiwa na makopo manne ya rangi, brashi zilizoviringishwa kwenye gazeti, na kazi ya kuandika jina kwenye boti jipya la mtu. Kabla hajakung'uta vumbi alimwona Mama Beata, muuza usipa, dagaa wa ziwani, waliyefahamiana miaka mingi. Mama Beata hakumsalimu.

"Fundi, nikuulize. Isidori alikuambia lini kwamba anaumwa?"

"Isidori yupi?"

"Wa kuchonga mitumbwi. Kwani unao wangapi?"

"Hajaniambia kitu. Anaumwa nini?"

Mama Beata alimtazama kama anayemtazama mwizi aliyerudi kuulizia alichokiiba mwenyewe. "Unaniuliza mimi! Wewe ndiye uliyetutangazia. Nenda zahanati ukajisomee."

Ildefonce alikwenda, nusu anatembea, nusu anakimbia. Kwenye ukuta wa baraza ya zahanati, mahali ambapo kila anayesubiri dawa lazima akae akitazamana napo, palikuwa na bango. Mwanamume amelala mkekani, mashavu yamebonyea, macho yameingia ndani, mbavu zinahesabika. Juu yake, kwa herufi nyekundu: UKIMWI UNAUA. Pembeni, kwa herufi ndogo za majivuno: I. Kapinga, Mbinga, 1994.

Bango hilo lilikaa mezani kwake wiki nzima mwezi wa tatu. Alilichora, akalipaka rangi, akalikabidhi mwenyewe likachapwe. Hakuona kitu. Sasa aliona. Kovu juu ya nyusi ya kushoto, pale tezo lilipomrukia Isidori alipokuwa kijana. Masikio yaliyojitenga na kichwa. Kidevu kilichogawanyika. Alikuwa amemchora Isidori mzimamzima, kisha akamchora akifa. Akakaa kwenye benchi kati ya wagonjwa. Mama mmoja akasogea kumpisha, akamwambia kwa upole, "Pole. Ni ndugu yako?"

Ili mtu aelewe jambo hili lilivyotokea, ni lazima ajue Ildefonce alivyofanya kazi.

Alikuwa mchoraji wa kila kitu. Zamani alichora ramani na chati za shule, na maneno ya wito kwenye kuta za ofisi za kijiji. Ilipokuja miaka ya ruksa, watu walipoachiwa kufanya biashara, maduka yakafunguliwa Mbinga moja baada ya jingine, na kila duka likataka kibao. Wanunuzi binafsi wa kahawa wakaingia, wakataka alama za magunia. Saluni ikataka kichwa cha mwanamke mwenye nywele za kuchoma. Parokia ikataka Njia ya Msalaba. Alichora juu ya bati, gunia, plasta, mbao na karatasi, na kazi zote hizo zilitoka katika daftari moja lenye jalada la buluu. Ndani yake alichora sura za watu kwa penseli: mnadani, stendi, kwenye foleni ya kupima kahawa. Kwa miaka ishirini hakumwomba mtu ruhusa hata mmoja.

Wala watu hawakulalamika. Waliona ni heshima. Katika kanisa la Mbinga, mwanamke anayempangusa Yesu uso alikuwa muuza maandazi wa sokoni, na Simoni wa Kirene anayesaidia kubeba msalaba alikuwa Isidori wa Lundo. Watu wa ziwani waliopanda Mbinga kuuza samaki waliingia kanisani kumtazama mwenzao. Isidori mwenyewe alikwenda, akavua kofia, akajitazama, akatoka anacheka peke yake. Hivyo Ildefonce aliifundisha wilaya nzima kwamba kila sura anayochora ni ya mtu, na mtu huyo yupo. Halafu akajisahau.

Bwana wa mradi wa afya alipofika kutoka Dar es Salaam alisema maneno machache tu: "Nataka mgonjwa. Atishe. Ijumaa nakuja kuchukua." Ildefonce hakwenda kutafuta mgonjwa, ingawa hakuwa na haja ya kwenda mbali. Nyumba ya nne kutoka kwake alilala Cuthbert, karani wa zamani wa ghala, na mtaa mzima ulijua anaumwa nini. Ildefonce alikuwa akivuka barabara ili asipite mlangoni pake. Kwa hiyo alifungua daftari la buluu, akachagua uso wenye mifupa mizuri, akaukondesha.

Isidori alikuwa kwenye kibanda chake ufukweni, tezo mkononi, mtumbwi mbele yake umefika nusu. Hakuinua kichwa.

"Umekuja kumalizia? Bado hujachora jeneza."

"Ndugu yangu, sikujua."

"Hukujua uso wangu? Uliutumia kumsaidia Bwana Yesu, ukaujua." Akapiga tezo, kipande cha mti kikaruka. "Tulitangazwa mara mbili kanisani, mimi na Vitalia. Kesho ilikuwa siku ya tangazo la tatu la ndoa. Mjomba wake amelisimamisha. Joakim ameuacha hapo mtumbwi alioniagiza, anasema hatapakia ndani yake samaki wa kuliwa na watu. Mimi nimekohoa lini, Ildefonce? Niambie siku moja tu."

"Nitakwenda kwa mjomba."

"Ukasemeje? Karatasi imeletwa na gari la serikali. Wewe umekuja juu ya lori la mahindi."

Mzee Augustino, mjomba wa Vitalia, alimpokea uani, akiwa amekaa kwenye kigoda. Vitalia alikuwa jikoni, mlango wazi, anakoroga kitu ambacho hakikuhitaji kukorogwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kama umekuja kwa habari ya yule, rudi."

"Mzee, Isidori haumwi. Mimi nilichukua sura yake tu, nikaibadilisha."

"Sura haibadilishwi. Mtu anakonda, au hakondi. Wewe ulimwona amekonda, ukamchora. Leo amekulilia, unageuza maneno." Majirani walikwisha anza kukusanyika uani, na mzee akapandisha sauti. "Nimpe mtoto wa marehemu dada yangu mtu ambaye serikali imembandika zahanati? Nitajibu nini kwa dada yangu?"

Ildefonce aliutazama ukuta wa nyumba. Akatazama jikoni. "Binti, niletee mkaa. Uliozimika." Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. "Mzee, naomba ruhusa nikuchore. Pale ukutani kwako."

"Unichore mimi? Kwa nini?"

Watu wakacheka. "Kubali, mzee, utaingia kanisani Mbinga!" mmoja akamtania. "Atakufanya Pilato!"

Mzee Augustino alijirekebisha kola. "Chora basi. Usinifanye Pilato."

Kwa muda ambao chungu cha maharage kingechemka mara moja, mzee Augustino alitokea ukutani: paji pana, ndevu chache, jicho la dharau. Watu wakapiga makofi. Mzee akasimama, akakaribia, akatabasamu licha ya hasira yake.

"Ndiye mimi," alisema.

"Ndiye wewe, mzee. Sasa tazama."

Ildefonce hakusogeza mstari hata mmoja wa ile sura. Aliongeza tu. Kivuli chini ya shavu moja, kivuli chini ya jingine. Akasugua mkaa kwa kidole gumba kuzunguka macho. Akachora mishipa miwili ya shingo na mfupa wa bega. Hazikupita dakika tatu. Makofi yalikoma, kisha vicheko, kisha hata mwiko jikoni. Ukutani kwa mzee Augustino alikuwapo mzee Augustino, amebakiza siku mbili.

Mama mmoja akapiga yowe kama la msibani. Mzee mwenyewe alijishika shavu, akalipapasa lote, kama aliyeshtuka usingizini.

"Futa! Futa kitu hicho nyumbani kwangu!"

"Mzee, umeanza kuumwa lini?"

"Siumwi! Futa, nakuambia, kabla mke wangu hajarudi!"

"Nilikuona umekonda, ndiyo nikakuchora hivi?"

Mzee Augustino alipumua kwa nguvu. Vitalia alikuwa amesimama mlangoni, machozi yanamtiririka, lakini sauti yake ilikuwa kavu. "Jibu, mjomba. Na sisi tukuache?"

Mzee aliuendea mtungi. Alichukua kata ya maji akaumwagia ukuta mwenyewe, akausugua kwa kiganja mpaka ukawa mweusi wote. Kisha, bila kumtazama mtu, akasema, "Mwambieni katekista Romanus asome lile tangazo."

Jioni ile ile Ildefonce alilibandua bango la zahanati kwa ruhusa ya mganga. Jumapili tangazo la tatu lilisomwa. Baada ya ibada alimfuata Isidori nje ya kanisa, na tuseme ukweli, alitegemea kushukuriwa. Joakim alikuwa amekwisha tangulia kumpa Isidori mkono na kuuliza habari za mtumbwi wake.

Isidori alisubiri Joakim aondoke.

"Nina swali moja," alisema. "Wangeniacha pale ufukweni, sivyo? Kama ingekuwa kweli."

Ildefonce aliwatazama watu waliokuwa wakitoka kanisani.

"Joakim, mjomba, Mama Beata. Leo wanacheka na mimi kwa sababu siumwi. Na wewe, ulitaka mgonjwa. Kwa nini hukwenda kwa mgonjwa?"

Swali hilo lilipanda naye milima yote mpaka Mbinga. Mabango mengine yalikuwa yamesambaa hata asikokujua, na hakuna ndoo ya maji ambayo ingeyafikia yote. Jumatatu alimwandikia bwana wa mradi barua kuomba yaondolewe, na kuahidi kwamba atachora jingine bure. Kisha akachukua daftari la buluu, akatoka, na safari hii hakuvuka barabara. Mke wake, Walburga, alimwona akisimama kwenye mlango wa nne, akaja mbio hadi kibarazani.

"Baba Ida! Unaingia humo? Watu wanakuona!"

"Waone."

Ndani kulikuwa na giza na harufu ya nguo zisizofuliwa. Cuthbert alikuwa mkekani. Hakufanana hata kidogo na mgonjwa wa kwenye bango. Alikuwa na uso uliovimba, mikono mikubwa kuliko alivyoikumbuka Ildefonce, na macho ambayo hayakuingia ndani popote. Yalikuwa yakimtazama tangu alipobisha hodi. Miezi minane mtu amelala nyumba ya nne, na Ildefonce hakujua hata hilo.

"Karibu, jirani," Cuthbert alisema. "Umepotea?"

"Nimekuja kukuomba ruhusa nikuchore."

Cuthbert aliliangalia daftari, akaangalia mtungi uliokauka pembeni mwa mkeka.

"Kuchora baadaye," alisema. "Nina kiu tangu jana."

Ildefonce aliliweka daftari chini, akachukua ndoo.