Nilivyogombea udiwani Ganshoren nikitegemea kura za kanisani

Wakuu, salamu kutoka Brussels, kwenye mvua.

Ninachoandika hapa ni kweli tupu. Mke wangu amekaa pembeni anasoma kila mstari, na yeye huwa hanipitishii hata kosa la chumvi. Majina ya wahusika nayaweka makusudi, wajisome.

Mimi ni mtu wa Bukavu. Vita ilinitoa shule darasa la nne, nikakaa kambini Kigoma miaka mingi (ndiko nilikojifunza Kiswahili chenu na ubishi wenu), mwisho nikafika Ubelgiji. Uraia ninao. Mwandiko mnivumilie.

Naishi Ganshoren, commune ndogo, tulivu kabisa. Huku kila commune ina meya na madiwani wake, na kupiga kura ni lazima, si hiari. Unachagua chama, kisha majina unayoyataka kwenye list yake ya wagombea.

Jengo letu nimelisoma siasa zake miaka yote hii. Ghorofa ya kwanza wanachagua chama walichochagua baba zao. Ghorofa ya tatu wanampinga yeyote aliye madarakani, hata angewaletea mkate mlangoni. Wazee wa juu hawajali chama, wanataka mtu wanayemjua kwa sura.

Hili la mwisho nililijua vizuri na bado halikunisaidia. Mtaona.

Uchaguzi uliopita chama kimoja kikanifuata. Walitaka Mkongo wa kujazia list, wakaniweka wa mwisho kabisa. Sikuona aibu. Aibu nilipewa na shemeji yangu Shindano, mezani kwangu, anakula samaki wangu.

"Byamungu, wewe na darasa la nne? Utapata kura mbili. Ya kwako na ya maman ya watoto. Na ya maman bado hatuna hakika."

Mke wangu akacheka. Hilo nalo nimeliweka moyoni.

Kuanzia siku ile nilitaka kitu kimoja tu, kura za kutosha Shindano akose pa kuficha uso.

Kanisa letu liko hapa hapa Ganshoren, Jumapili tunajaa mpaka viti vinakwisha. Nikamteua Deo, mpiga gitaa, awe mkuu wa campaign. Nikampa vipeperushi vyote. Pasta Zakaria akaniombea mbele ya watu. Maman Furaha wa kwaya akasimama.

"Papa Byamungu, kura yetu yote ni ya kwako. Alors, lala usingizi."

Nikalala.

Kwenye jengo sikumwomba mtu hata mmoja. Nilijiambia, hawa wazungu wazee watanichagua mimi kweli? Nikaendelea kuwabebea maji na mifuko ya takataka tu, maana lifti ilikuwa imekufa tangu kiangazi.

Siku ya kura, mchana, simu ikaanza. Wa kwanza Maman Furaha.

"Papa, jina yako haiko huku. Nimetafuta kwa mashine mpaka mutu wa pale ameniuliza kama niko mugonjwa."

"Huku wapi, maman?"

"Huku kwetu. Anderlecht."

Anderlecht ni commune nyingine kabisa.

Akapiga mwingine, Anderlecht. Mwingine Auderghem. Pasta mwenyewe, Anderlecht. Wakuu, watu wanakuja kusali Ganshoren wanarudi kulala kwao, na kura inapigwa unapolala. Miaka yote nimeshikana nao mikono, sijawahi kumuuliza mtu akitoka hapa anaenda wapi.

Nikampigia Deo. Vipeperushi je?

"Nilivimaliza vyote, papa. Jengo letu muzima wanakujua."

Jengo lake liko wapi? Anderlecht.

Kesho yake Shindano akaja na simu mkononi, tayari anacheka, ati tusome matokeo pamoja.

Kura themanini na moja.

Kicheko kikamkwama. Kiti sikupata, lakini niliwapita watu watano walioandikwa juu yangu. "Ni nani hawa?" akaniuliza. Hata mimi sikujua.

Nilijua siku iliyofuata, kwenye ngazi. Madame Jeannine wa ghorofa ya sita, bibi wa miaka themanini na kitu, nikampokea mfuko wake kama kawaida. Akaniambia kwa Kifaransa:

"Monsieur Byamungu, una kiburi wewe. Unagombea halafu hutuombi kura. Tumekuona kwenye karatasi ya chama, mwisho kabisa, sura ndogo kama stempu. Nimeshuka ghorofa zote kwa magoti haya, nagonga kila mlango. Na jengo la pili pia."

"Hata wale wa ghorofa ya tatu?"

"Hao ndio rahisi. Niliwaambia wakubwa wa commune hawakutaki."

Nilibeba ule mfuko mpaka juu bila kusikia uzito.

Nilichojifunza: kabla hujamwomba mtu kura, muulize analala wapi. Na wanaokuona kila siku usiwaamulie moyo wao.

Haya, wa diaspora na wa nyumbani, mliowahi kugombea chochote, hata uenyekiti wa harusi, shusheni yenu hapo chini.

Na Deo, najua unasoma huu uzi. Nimekuteua tena. Ila kwanza hamia Ganshoren.