Waliitana Somo

Fundi cherehani alipiga hodi kwenye mlango wa kikongwe mmoja. Baba yake alikuwa na wiki mbili kaburini, na kabla ya kukata kauli alimwachia kazi moja: achunguze babu, aliyekuja nchi hii kuchimba mawe, alikuwa mtu wa namna gani.

Ndugu wa babu hakuwapata, akaamua kufuata majirani. Katika daftari kuukuu la machimbo alikuta jina la babu, herufi kwa herufi, na mbele yake: *Kaua mwenzake. Katoroka.* Tangu siku hiyo usingizi ulimpaa. Kila akipiga magoti kumwombea babu, ulimi ulikuwa mzito.

"Mbona unatetemeka, mwanangu? Kwa meno haya mawili nitakutafuna lini?"

Alikuwa Bibi Redio, aliyezaliwa kambi ya machimbo, mlango wa pili kutoka kwa babu. Hakuna habari iliyompita.

Fundi akamweleza yote. "Baba alitusimulia kwamba babu alikuwa akisema, 'Jina langu limeharibiwa na somo.' Sisi tukadhani ni shuleni, mwalimu alikosea kuliandika."

Bibi akacheka mpaka akakohoa. "Somo la chaki na ubao! Somo yake, mtu! Walikuwa wawili, jina moja, chumba kimoja. Waliitana somo kutwa nzima. Mmoja akaua, wote wakatoweka."

Fundi akashusha pumzi ndefu. Kumbe! Babu alichafuliwa tu na wajina wake. "Asante, Mungu wangu," alinong'ona, machozi yakimlengalenga.

"Niandikie namba yako, nikikumbuka jingine nikupigie," Bibi alisema, akimpa kalamu. "Muuaji namkumbuka vizuri. Nyundo aliishika kwa kushoto. Kambi nzima wa kushoto alikuwa yeye peke yake."

Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi. Fundi akautazama mkono wake, mkono uleule anaokatia vitambaa, ule ambao hata baba yake alichapwa utotoni ili auache, asiuache.

Bibi naye aliuona. Kicheko kikamkauka.

"Wa kushoto ni wengi duniani, mama," alisema, lakini alikuwa akitazama mlango.

Fundi alimalizia namba, akaaga. Nje aliuficha mkono chini ya mtandio kana kwamba barabara nzima inamjua. Akajaribu kuomba. Alilitaja jina, akakwama: ni la nani kati ya wale wawili?

"Wewe unawajua, Baba wa mbinguni," alisema mwishowe. "Wapokee wote."