Msitu Aliopanda Babu

Mimi ni seremala wa mtaa wa Jabe, na mbao za karakana yetu hutoka milimani juu ya Bujumbura. Ni msitu mmoja tu ambao shangazi yangu alinikataza. Babu, yaani baba yake, aliwekwa kambini huko enzi za Wabelgiji, miaka ya njaa, akalazimishwa kupanda miche ya mikaratusi kwa kiboko cha nyapara.

"Apana, mutoto wangu," alisema aliposikia miti ile inauzwa. "Baba alisema waliokufa walizikwa kati ya mistari. We utakanyaga wapi?"

Nilimjibu kwamba mbao ni mbao. Asubuhi nikapanda mlimani na lori.

Wakata miti walikuwa wameshaanza upande wa chini. Niliingia ndani peke yangu kuchagua miti minene. Mara ukungu ukashuka, mlio wa misumeno ukawa unatoka kila upande. Nikageuka kurudi, na mguu wa kulia ukazama mpaka gotini. Ardhi ilikuwa imebonyea, urefu wa mtu aliyelala. Pembeni pake palibonyea pengine. Na pengine tena. Nikaanza Fatiha, nikaisahau katikati, mimi niliyeijua tangu utotoni.

"Usitembee!"

Nilipiga kelele. Kumbe ni mama mzee, ana mzigo wa kuni kichwani.

"Hapo ni watu," alisema. "Shika mti huu. Sasa ule."

Alinitoa hatua kwa hatua. Mama mkwe wake, aliniambia, alikuwa akipeleka maharage kambini, ndiye aliyemwonyesha makaburi. "Sisi hatukanyagi hapo, kuni tunaokota pembeni. Lakini hao wenye misumeno, nani atawaambia?"

Nikaenda kuwaambia. Msimamizi wao alicheka. Nilipomfikisha kwenye yale mashimo, akawaita watu wake wazime misumeno. Siku ile walihamia upande mwingine. Ya kesho hakuahidi.

Lori lilishuka tupu. Shangazi alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Wako wangapi?"

"Sikuhesabu. Niliogopa."

Wiki iliyofuata alitaka nimpeleke. Vilele vya miti vilipoonekana tu, alinikamata mkono kwa nguvu, akakataa kushuka garini. Tulisoma dua humo ndani, vioo vimefungwa, yeye macho chini. Mimi nilikuwa nasikiliza kama misumeno imeanza.